Namna ya kupata fedha za NHS kwa kiti mwendo ulichokichagua mwenyewe: uzi kwa tunaoishi England

Mtanga_Ughaibuni (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa,

Wengi wetu tunaotumia viti mwendo hapa England tunapewa kiti cha NHS (huduma ya afya ya umma), tunasaini fomu, tunashukuru na kuondoka nacho, bila kuambiwa kwamba tangu tarehe 2 Desemba 2019 tunayo haki kisheria ya kupangiwa bajeti binafsi ya kiti mwendo. Maana yake ni kwamba unapaswa kuambiwa ni fedha kiasi gani zimetengwa kwa ajili ya mahitaji yako, na uwe na kauli kuhusu kiti kitakachonunuliwa kwa fedha hizo. Katika barua na simu litumieni jina lake rasmi, personal wheelchair budget, kwa sababu mpokea simu asipolisikia jina hilo ni rahisi sana akurudishe kwenye utaratibu wa kawaida wa kupewa kilichopo stoo. Wazee wa hapa bado wanaiita vocha, kwa kuwa utaratibu huu ulichukua nafasi ya vocha zilizoanza mwaka 1996.

Nitaje mipaka mapema ili mtu asipoteze muda. Haki hii ni ya England peke yake; walioko Uskoti, Welisi na Ireland ya Kaskazini wana huduma zao za viti zisizo na bajeti ya namna hii. Tena ni kwa mwenye uhitaji wa muda mrefu: aliyevunjika mguu na anayetaka kiti kwa wiki chache huelekezwa kuazima au kukodi, kwa mfano kutoka British Red Cross. Aliyekwisha kuwa na kiti cha NHS naye hajaachwa nje, kwani kiti chake kikichakaa, au mwili wake ukibadilika, huo ndio wakati wa kuomba.

Sasa niseme lililonileta. Wengi wetu tunaanzia kwenye katalogi. Mtu anaona kiti dukani, kinampendeza, anachukua bei yake na kuipeleka kliniki akitaka NHS ilipe, na kliniki inamjibu kwa upole kwamba kiti hicho hakimo kwenye orodha yao. Hapo mazungumzo yameisha kabla hayajaanza. Kiasi cha bajeti hukadiriwa kwa kuangalia gharama ambayo huduma yenyewe ingeingia kukupatia kiti kinachotosheleza mahitaji yaliyoandikwa kwenye tathmini yako. Kwa hiyo taarifa ikisema tu kwamba unahitaji kiti cha kutumia ndani na nje, kiasi kitakuwa cha kiti cha bei ya chini kabisa kinachoweza kutumika ndani na nje. Ikisema kwamba unaishi peke yako, kwamba unakiinua kiti mwenyewe kukiingiza garini asubuhi na jioni, kwamba mabega yamekwisha kuanza kuuma na kwamba unakikalia kutwa nzima, hapo kinatafutwa kiti cha namna nyingine, na fedha nazo zinakuwa nyingine. Mapambano yote, kama ni mapambano, yako kwenye maneno ya taarifa hiyo.

Nitoe mfano wa kwangu. Niliugua polio utotoni na ninasukuma kiti kwa mikono. Kiti nilichokuwa nacho kilikuwa cha kukunja, cha uzito wa karibu kilo 17, na magurudumu yake makubwa yalikuwa yamefungwa nyuma sana. Mtaalamu aliyenipima aliniambia nikae wima, niiachie mikono ining'inie ubavuni, kisha akatazama ncha za vidole zinafika wapi. Zilipaswa kufika usawa wa kitovu cha gurudumu. Vya kwangu viliishia mbele yake. Akanieleza kwamba kila ninaposukuma ninaanza kwa kulivuta bega nyuma, na kwamba magurudumu hufungwa hivyo ili kiti kisipinduke kwa mtu asiyekizoea, lakini gharama yake ni kwamba uzito wa mwili unaegemea vile vigurudumu vidogo vya mbele na kiti kinakuwa kizito kusukuma na kukata kona. Nilimwomba ayaandike hayo kama alivyoyasema, pamoja na habari ya gari na ya mlima uliopo kati ya kituo cha basi na ofisi yetu. Aliandika. Kiasi nilichotajiwa baadaye kilikadiriwa kwa kiti chepesi ambacho ekseli yake inasogezwa mbele, badala ya kile cha kawaida.

Baada ya tathmini zipo njia tatu. Ya kwanza, bajeti inabaki mikononi mwa NHS: unachagua ndani ya orodha yao, kiti kinabaki mali yao na utakirudisha usipokihitaji tena, na matengenezo ni juu yao. Ya pili ni hiyo hiyo ya kwanza, ila kunaongezwa fedha kutoka kwingine ili upate kiti cha juu zaidi au kifaa ambacho tathmini haikukihesabu kuwa ni cha lazima kiafya. Ya tatu, fedha zinapelekwa kwa muuzaji wa nje unayemchagua, unajazia kinachopungua, na kiti kinakuwa mali yako pamoja na matengenezo yake yote, isipokuwa pale ambapo huduma ya eneo lako imeingiza fungu la matengenezo ndani ya bajeti; hilo liulizeni waziwazi.

Kwa maoni yangu, watu wanachagua kati ya njia hizi kwa kutazama bei wakati wanapaswa kujiuliza nani atakitengeneza. Kiti cha kusukuma kwa mikono chenye fremu isiyokunjwa hakina mengi ya kuharibika: tairi, bearing za vigurudumu vya mbele, breki na kitambaa cha egemeo. Mtu mwenye ufunguo wa alen na uvumilivu kidogo anakihudumia mwenyewe, na kwa kiti cha namna hiyo njia ya tatu ina maana. Kiti cha umeme ni habari nyingine kabisa. Betri zinakufa, kile kiongozeo cha mkononi kinaingia maji, mota inagoma, na bili moja tu inaweza kuizidi faida yote uliyoipata kwa kukimbilia muuzaji wa nje. Kwa kiti cha umeme ningebaki na NHS, nikaongeza fedha juu yake ikibidi.

Tuseme umeambiwa bajeti yako ni pauni 900 na kiti unachokitaka ni pauni 2,500. Hizo pauni 1,600 zinaweza kutoka sehemu kadhaa. Kama unafanya kazi, ombeni Access to Work, mfuko wa serikali unaosaidia mahitaji ya ulemavu yanayohusu kazi, ambao haurejeshwi; ukiomba ndani ya wiki 6 za mwanzo za kazi mpya, mwajiri hadaiwi sehemu yake ya gharama. Foleni yake ni ndefu, basi anzeni mapema. Yapo pia mashirika ya hisani ya magonjwa mahususi, ya wanajeshi wa zamani na ya fani mbalimbali za kazi. Halafu muulizeni muuzaji kama bei aliyoitaja ina VAT ndani yake, kwa sababu mtu mwenye ulemavu hatozwi kodi hiyo kwenye kiti mwendo anachonunua kwa matumizi yake mwenyewe, wala kwenye matengenezo yake. Unajaza tamko fupi, basi.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu ninayoyajua.

Baba_Watatu

Dada Mtanga, shikamoo, na ahsante kwa andiko hili. Mwanangu wa pili ana umri wa miaka 9 na ana mtindio wa ubongo. Kiti chake cha umeme cha sasa kimekuwa kidogo na tumeitwa kwa tathmini mpya. Mke wangu na mimi tunataka apate kiti chenye kalio (sehemu ya kukalia) linalopanda juu, kwa sababu shuleni wenzake wanafanyia majaribio ya sayansi kwenye meza ndefu naye anabaki kutazama kingo za meza. Simu ya kwanza tulijibiwa kwamba kalio la kupanda ni anasa na NHS hailipii. Je, tuchukue njia ya tatu tukanunue tunachokitaka, au tutakuwa tumejitia kitanzi?

Mtibakazi

Ndugu Baba Watatu, nikujibu mimi kwa ruhusa ya mleta uzi, kwa kuwa nimefanya kazi ya tiba kazi (occupational therapy) kwa watoto kwa miaka mingi hapa nchini, ingawa siyo katika huduma ya viti.

Kwanza kuhusu njia ya tatu. Kwa mtoto wa miaka 9 singekushauri uichukue. Mtoto anakua, upana wa kalio, urefu wa paja na urefu wa egemeo utabadilika kabla hamjamaliza kukizoea kiti, na mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuanza kupinda uti wa mgongo katika miaka ya kurefuka, jambo linalodai marekebisho ya mkao mara kwa mara. Kiti kikiwa mali ya NHS, marekebisho hayo ni kazi yao. Kikiwa mali yenu, kila bamba la kuegemea kiunoni na kila mkanda mpya ni ankara. Bajeti hupangiwa muda, mara nyingi miaka mitano kwa mtu mzima na mifupi zaidi kwa mtoto, na ingawa mahitaji ya kiafya yakibadilika unaweza kudai tathmini mpya kabla ya muda huo, ni nafuu zaidi kudai ukiwa bado ndani ya huduma. Njia ya pili ndiyo yenu.

Kuhusu kalio linalopanda, ni kweli kwamba huduma nyingi hazilihesabu kuwa hitaji la kiafya, na siyo rahisi kuwabadilisha mawazo kwa hoja ya meza ya maabara. Lakini jiulizeni maswali ambayo mtathmini hatayauliza asipokumbushwa. Je, mtoto anahamia vipi kutoka kitini hadi kitandani? Kama kalio likipanda kufikia usawa wa godoro anaweza kujisogeza kwa ubao wa kuhamia bila kunyanyuliwa, hilo ni jambo la usalama wake na la mgongo wa mama yake. Je, anapotazama juu muda wote shingo inakakamaa na mkao wake wote unaharibika? Hilo ni la kiafya. Hoja ya meza ipelekeni inakostahili: kama mtoto ana mpango rasmi wa elimu, afya na huduma, mwombeni mratibu wa mahitaji maalumu wa shule aandike kwamba hawezi kushiriki somo bila kimo hicho, ili halmashauri nayo ichangie. Utaratibu wa bajeti binafsi unaruhusu fedha za elimu na za ustawi wa jamii kuungana na za afya katika kiti kimoja, na ni jambo la kusikitisha kwamba ofisi hizo tatu mara nyingi zinasubiri mzazi ndiye azikutanishe.

Kwa kinachobakia, waandikieni Whizz Kidz, shirika la hisani linaloshughulikia viti vya watoto na vijana tangu mwaka 1990. Watataka nakala ya tathmini, kwa hiyo ombeni nakala yenu siku hiyo hiyo.

Mtanga_Ughaibuni

Marahaba, mdogo wangu. Sina la kuongeza kwa aliyoyasema Mtibakazi isipokuwa moja: msikubali jibu la simu kuwa ndilo jibu. Anayepokea simu hajamwona mtoto, na neno anasa halimo katika kigezo chochote nilichowahi kukisoma. Vigezo hupangwa na bodi ya afya ya eneo (integrated care board), na vinatofautiana kutoka eneo moja hadi jingine. Baadhi wanaviweka kwenye tovuti zao, na wasipoviweka mnayo haki ya kuviomba. Visomeni kabla ya siku ya tathmini. Katika maeneo mengi, kwa mfano, mtu hapewi kiti cha umeme cha nje kama hakihitaji pia ndani ya nyumba, na mtu asiyelijua hilo anaweza kujibu kwa fahari kwamba ndani anajimudu, kumbe anatambaa kwa kushika kuta na anaanguka. Sisemi mtu adanganye. Ninasema kwamba sisi tumelelewa kutolalamika mbele ya mgeni, na ile heshima ya kusema "hatujambo, tunajikongoja" inasomwa hapa kama taarifa ya afya.

Kisauni_B

Salamu kwenu nyote kutoka Luton. Nimesoma kwa makini na ninaomba nitofautiane kidogo, bila kumvunjia mtu heshima. Kwetu Mombasa nimewaona watu wakingoja kiti cha msaada kwa muda mrefu mno, na kikija ni saizi moja kwa wote, mrefu kwa mfupi. Baraza la taifa la watu wenye ulemavu linagawa vifaa, lakini sijapata kumwona mtu akiulizwa anataka kiti gani. Je, si ukosefu wa shukrani kwamba sisi tuliofika hapa, tunaopewa kiti bure chenye mto na tairi nzima, tunaanza kuchagua rangi na uzito? Fedha za NHS ni za umma, na foleni ya upasuaji inajulikana.

Mtanga_Ughaibuni

Ndugu Kisauni, hoja yako ni ya haki na ninaisikia hata misikitini na makanisani kwetu, tena kutoka kwa watu wema. Naomba niijibu kwa upande wa fedha kwanza, kwa kuwa umeutaja.

Kiti kisichomtosha mtu si kiti nafuu. Mtu asiyehisi sehemu ya chini ya mwili, akikaa kwenye kalio pana kupita kiasi, anaegemea upande mmoja. Mfupa wa nyonga wa upande huo unabeba uzito wote, damu haifiki kwenye ngozi, na kidonda cha mgandamizo kinaanza kabla hajakiona. Kidonda kama hicho kikifika ndani kinaweza kumlaza mtu hospitalini kwa miezi, na wapo wanaokufa kwa maambukizi yake. Anayesukuma kiti kizito naye anayala mabega yake taratibu, na siku mabega yakikataa atahitaji kiti cha umeme, msaidizi wa kumhamisha na pengine nyumba iliyofanyiwa marekebisho. Zote hizo ni fedha za umma, na ni nyingi kuliko tofauti ya bei ya fremu ya chuma na ya aluminiamu. Rangi hakuna aliyeiomba hapa, ingawa sioni dhambi ya mtu kutaka kiti chekundu ikiwa bei ni ile ile.

Kuhusu nyumbani, mimi ningeigeuza hoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 20, unazitaka nchi ziwezeshe watu kwenda watakako kwa namna na wakati waliouchagua wenyewe, na kwa gharama wanayoimudu. Kenya iliuridhia mwaka 2008. Tanzania na Uingereza mwaka 2009. Yaani kuchagua hakukuandikwa kwa ajili ya Wazungu. Shirika la Afya Duniani nalo, tangu mwongozo wake wa mwaka 2008 kuhusu viti vya kusukuma kwa mikono katika mazingira yenye uhaba, limesisitiza kwamba mtu apimwe, kiti kilinganishwe na mwili wake na mahali anapoishi, afundishwe kukitumia, kisha afuatiliwe. Moshi pale hospitali ya KCMC wataalamu wa kazi hiyo wanafunzwa, na wanatoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma. Ujuzi upo kwetu. Kinachokosekana ni fungu la fedha linaloambatana na jina la mtu badala ya kontena la viti.

Kisauni_B

Nimekuelewa, dada. Hilo la kidonda cha mgandamizo sikulifikiria, na marehemu mjomba wangu ndilo lililomlaza. Basi niulize la manufaa: shemeji yangu ana viza ya kazi, na kwenye kibali chake imeandikwa kwamba haruhusiwi kutumia fedha za umma. Anaogopa hata kwenda kwa GP (daktari wake wa mtaani) kuomba rufaa ya kiti, akihofia kuharibu maombi yake ya ukaazi. Je, hofu hiyo ina msingi?

Mtibakazi

Hofu hiyo nimekutana nayo mara nyingi na imewaumiza watu bure. Zile zinazoitwa fedha za umma katika sheria za uhamiaji ni orodha maalumu ya mafao na makazi, na matibabu ya NHS hayamo katika orodha hiyo. Kwa kawaida mwenye viza ya kazi amekwisha kulipia huduma hizo kwa ile ada ya afya ya wahamiaji, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Aende kwa GP wake, au amwombe mtaalamu wa fiziotherapia aliye naye amwandikie rufaa.

Asichopaswa kukigusa ni PIP, ile posho ya serikali kwa wenye ulemavu, kwa sababu hiyo imo katika orodha. Na kwa kuwa mpango wa Motability, unaokodisha magari na viti vya umeme, hulipiwa kwa ile sehemu ya juu ya PIP ya kutembea, mlango huo nao umefungwa kwake kwa sasa. Wenye ukaazi wa kudumu wanaweza kuomba vyote viwili. Mkimbizi anayetambuliwa na mwomba hifadhi ambaye shauri lake bado linasikilizwa hawatozwi huduma za NHS.

Nyikani

Mimi nina swali moja tu. Ninakwenda Dodoma kila mwaka kumwona mama. Kiti cha NHS naweza kusafiri nacho?

Mtanga_Ughaibuni

Unaweza, ila waarifu kwanza huduma yako kwa maandishi, kwa kuwa mali ni yao na fundi wao hatakufuata Dodoma. Kikivunjika huko, gharama ni yako, hivyo angalia kama bima yako ya safari inataja kifaa cha kutembelea kwa jina na kwa thamani yake kamili; bima nyingi zinakihesabu kama begi. Wenye kiti cha kwao chini ya njia ya tatu wanahitaji bima hiyo mwaka mzima, hata hapa.

Ukiwa unaondokea Uingereza, shirika la ndege linatakiwa kubeba hadi vifaa viwili vya kutembelea bila malipo, mradi umetoa taarifa saa 48 kabla. Kama kiti kina mota za kusaidia zenye betri za lithiamu, tuma mapema maelezo ya betri hizo, la sivyo mtabishana kaunta. Na hili ni la kusema wakati wa tathmini, wala usisubiri siku ya safari: ukimweleza mtathmini kwamba kila mwaka unakaa mahali penye vumbi, changarawe na vizingiti virefu, ana sababu ya kuandika vigurudumu vya mbele vikubwa zaidi na tairi zinazomudu. Mimi nilitaja njia ya kwetu Tanga inayoelekea kisimani, na ikaingia kwenye taarifa.

Nyikani

Ahsante. Na wakikataa?

Mtibakazi

Waombe sababu kwa maandishi, na waonyeshe ni kigezo kipi ambacho hujakitimiza. Mara nyingi barua hiyo peke yake huwafanya wapitie upya shauri lako. Isipotosha, omba tathmini ya pili kutoka kwa mtaalamu mwingine, na uambatanishe barua ya daktari wako au ya mtaalamu anayekuona mara kwa mara. Baada ya hapo ndipo malalamiko rasmi, ambayo kwa kawaida yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu jambo lilipotokea. Ukishapata jibu la mwisho na bado hujaridhika, unakwenda kwa msuluhishi wa Bunge na Huduma za Afya. Njia yote hii haina ada na haihitaji wakili. Mlalamiko mzuri ni ule unaotaja hitaji ambalo tathmini ililiacha. Unaotaja chapa ya kiti hauendi mbali.

Baba_Watatu

Tumepangiwa Alhamisi ya wiki ijayo. Naomba nikumbushwe twende na nini.

Mtanga_Ughaibuni

Mvalisheni viatu na vile vifaa vya kunyoosha miguu anavyovaa shuleni, kwa sababu vinabadilisha vipimo vya sehemu ya kuwekea miguu. Nendeni na begi lake la shule likiwa limejaa kama siku zote, maana litaning'inizwa nyuma ya kiti na linavuta mizani. Chukueni picha za mlango wa nyumba, wa choo na wa gari pamoja na upana wake kwa sentimita. Andikeni kwenye karatasi siku yake moja tangu anapoamka hadi analala, saa kwa saa, nani anamnyanyua na wapi, kisha muachieni mtathmini nakala iingie kwenye faili. Barua ya shule kama imepatikana, ahsante Mungu. Kama haijapatikana, mwambieni itafuata na tajeni lini.

Mpeni mtoto nafasi ya kusema mwenyewe anataka kiti kimfanyie nini, na ombeni maneno yake yaandikwe kwenye ule mpango binafsi wa huduma unaoambatana na bajeti. Msiondoke bila kuuliza mambo mawili: kiasi cha bajeti mtakitajiwa lini kwa maandishi, na kama mnaweza kukijaribu kiti nyumbani na shuleni kabla hakijaagizwa. Wauzaji wakubwa huleta kiti cha majaribio, lakini mtathmini asipowaita hawaji.

Baba_Watatu

Nimeyanakili yote. Barua ya shule inatoka Jumatatu, nimekwisha kuongea na mratibu.